Wimbo Mpya wa Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi milango ya mji mzima hujifunga mpaka wimbo mpya wa rege usikilizwe hadi mwisho. Mtu yeyote nyumbani akiucheza, hata kwa kutikisa kichwa tu, nyumba huhisi ameupenda na kuurudisha mwanzo.

Kadzo alishika kitasa, uchungu wa kuzaa ukimbana kiunoni. Mumewe, Charo, alikuwa ameshaurudisha wimbo mara mbili kwa mguu wake usiotulia.

"Charo, nakuomba, kaa kama gogo."

"Nimetulia, mke wangu."

Safari hii hakuna aliyetikisika. Zikabaki sekunde kumi, kisha tano. Kadzo akabana pumzi.

Besi ikadunda, na tumboni mtoto akapiga teke. Ikadunda tena, akapiga tena.

Nyumba nayo ikafurahi, ikaurudisha wimbo mwanzo.