Msomaji wa Kila Asubuhi

Programu ya kuhesabu wasomaji wa tovuti ya usharika ilikuwa imetelekezwa na watengenezaji wake, kwa hiyo Tusajigwe, mtunza tovuti, akajaribu mpya.

Ya zamani ilisema wasomaji mia tatu kwa siku. Mpya iliondoa roboti zote zinazozurura mtandaoni, akabaki mtu mmoja.

Kila asubuhi mtu huyo alifungua picha ileile: kwaya ya akina mama, wiki moja kabla ya ajali ya basi lao.

Mchungaji aliingia, koti likichuruzika maji ya mvua. "Wazee wanataka tuifunge tovuti. Niwaambie tuna wasomaji wangapi, mwanangu?"

Simu ilikuwa bado inawaka mkononi mwa mchungaji: kwaya ileile, marehemu mkewe safu ya mbele.

Tusajigwe aliifuta programu ya zamani.

"Mmoja, baba," alisema. "Lakini hakosi hata siku."

Mchungaji akailaza simu kifudifudi mezani.