Pumzi Juu ya Wembe

Mji ule ulikuwa na unyevu wa kuyeyusha chumvi ndani ya kopo, lakini wembe wa Ngwali kinyozi haukupata kutu hata siku moja. Kila akimaliza kunyoa aliupangusa, akaupaka tone la mafuta ya nazi, akauacha wazi kwenye rafu. Hakuukunja mpaka ukauke.

Faki, aliyenyolea kwenye kiti cha pili dukani humo, hakuwahi kumhusudu, mpaka binti yake Mize alipopita kumwambia, "Baba, kesho mtoto anatimiza siku saba. Nimemwomba Mzee Ngwali amnyoe. Wembe wake hauna kutu."

"Vyema, mwanangu," alijibu Faki, lakini wivu ulimwingia. Mjukuu wake mwenyewe!

Alasiri Ngwali alitoka kwenda kuswali. "Faki, wembe ukishakauka nitilie mkobani."

Faki aliuchukua wembe, akayafuta mafuta kwa pindo la shati, akaupulizia pumzi mpaka chuma kikafanya ukungu. Akaukunja vivyo hivyo, mbichi, akautia mkobani.

Kesho yake, mbele ya wageni, Ngwali aliukunjua. Makali yalikuwa na madoa ya kahawia. Aliyatazama kitambo, akamtazama Faki, akaukunja.

"Leo mkono wangu mzito," alisema. "Na babu yake yupo. Amnyoe yeye."

Mize akamsogezea baba yake mtoto. Faki akatoa wembe wake, akauinamisha juu ya ule utosi uliokuwa ukipwita, na hakuthubutu kupumua.