Leseni ya Dokta Lesiamon

"Dokta, kabla hujanigusa, naomba namba yako ya leseni."

Naishorua alisema hivyo akiwa amelala kitandani, tumbo la miezi tisa liko wazi. Hajawahi kumwuliza mtu mwenye koti jeupe swali la namna hiyo, na alijua kuna watu waliofukuzwa hospitalini kwa maswali madogo kuliko hilo.

Lakini mwaka jana mke mwenzake, Eunike, alipelekwa kwa "bingwa" mmoja mnadani akarudishwa nyumbani amefunikwa shuka. Bingwa mwenyewe, ilikuja kujulikana, alikuwa muuza dawa za mifugo. Siku ile Naishorua aliapa kwamba hatazalia mikononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe hajamchunguza kwanza. Ndiyo maana alitoka Kakesio na wifi yake Neema, wakafika Karatu na kuanza kubisha hodi. Kliniki ya kwanza haikupokea bima yao. Ya pili haikuwa na bingwa mpaka Alhamisi. Ya tatu ilikuwa na kibao mlangoni: Dkt. F. M. Lesiamon, Bingwa wa Akina Mama na Uzazi.

Lesiamon lilikuwa jina la babu yake. Huyu ni wa nyumbani, alijisemea, na moyo ukatulia kidogo.

Ulitulia dakika moja tu. Alipoingia alimsalimia dokta, mwanamke wa umri wake, kwa Kimaasai. "Takwenya."

"Asante, mama, karibu," dokta alijibu.

Mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba takwenya hujibiwa iko. Tena huyu alitamka Kiswahili chake kama watu wa Mbulu. Na ukutani hapakuwa na cheti hata kimoja, ila kalenda ya duka la pembejeo.

"Vyeti vyako viko wapi?"

"Kabatini. Sipendi kuvitundika." Dokta alisema hivyo bila kumtazama, akaandika namba kwenye kikaratasi. Neema akatoka nacho nje kutafuta mtandao.

Dokta hakukasirika. Alisugua viganja mpaka vikapata joto, akapapasa tumbo taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Kichwa kiko huku ubavuni. Mtoto amelala upande, na presha yako iko juu sana. Lazima nikufanyie upasuaji leo, mama. Tukichelewa tutawapoteza nyote wawili."

Naishorua aliogopa. Akiondoka, atafia njiani. Akibaki, atakatwa na mtu ambaye hata salamu hajui. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Kwenu ni Kakesio hasa?" dokta aliuliza, labda kumtuliza.

"Kakesio nimeolewa. Nimezaliwa upande wa Endulen, nikasoma hukohuko mpaka darasa la saba. Nilikuwa wa kwanza kila muhula, dokta. Matokeo ya mwisho mwalimu mkuu akayafuata wilayani, akarudi akasema jina langu halikutoka. Mwezi uliofuata nikaozwa. Na yeye akahamia Mbulu na mke wake na binti yao."

Mikono ya dokta ilisimama juu ya tumbo. Kisha akageuka akaenda kunawa, akanawa muda mrefu mno, maji yakichuruzika mpaka kwenye viwiko.

Anaogopa, Naishorua aliwaza. Daktari wa kweli anaogopa nini?

Mlango ukafunguliwa. Dorkasi wa mapokezi aliingia na kadi ya bima mkononi, Neema nyuma yake.

"Kadi imepita. Naishorua Sironka, ndivyo ulivyoandikishwa?"

"Ndivyo mume wangu alivyoniandikisha kazini kwake." Naishorua lilikuwa jina alilopewa na mama mkwe siku alipoingia bomani kama bibi harusi. Jina la zamani halikuitwa tena na mtu, hata Neema hakulijua.

"Basi bima yenu tunaipokea, na kibali cha upasuaji kimeshatoka."

Naishorua alimvuta wifi yake karibu. "Na ile namba?"

"Ipo," Neema alinong'ona. "Bingwa wa akina mama kweli, leseni hai mpaka mwakani. Ni Lesiamon huyuhuyu wa mlangoni. Si tapeli, wifi."

Dokta alichukua faili na kutoka kwenda kujiandaa.

Naishorua alishusha pumzi. Hofu haikuisha, ila sasa ilikuwa ya kisu tu, si ya mtu anayekishika.

Dorkasi alimwekea mbele fomu ya kukubali upasuaji. "Weka sahihi hapa, mama. Au nikuletee wino uweke dole gumba?"

Dole gumba! Naishorua alichukua kalamu. Kama ni kufa leo, hatakufa na jina la kuolewa nalo. Aliandika majina aliyopewa na baba yake, majina ambayo mara ya mwisho aliyaandika kwenye mtihani wa darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa bado mzuri, herufi zimekaa kwenye mstari: Felista Moringe Lesiamon.

Dorkasi aliinama akasoma, akacheka kwa upole.

"Hapana, mama, umekosea. Hapa ni pa mgonjwa. Jina la dokta linaandikwa huku chini, na atajiandikia mwenyewe."