Wiki Tatu za Mwisho za Mama

Mchungaji alimpa Chepkurui kipaza sauti aeleze jinsi mama yake alivyoomba mpaka pumzi ya mwisho.

Waombolezaji walisogea karibu na jeneza. Wajukuu, ambao marehemu aliwafundisha kuomba, walimkodolea macho.

Chepkurui ndiye aliyemuuguza. Mama, aliyewaombea wagonjwa wote wa Kiptere, hakuomba tena kwa wiki tatu. Alikataa hata kusomewa Biblia. Alimshika binti yake kwa vidole vilivyopasuka kwa kuchuma majani chai, akanong'ona, "Naita, hakuna anayeitika. Usiambie hawa watoto."

"Dada, sema basi," kaka yake alimhimiza.

Chepkurui akawatazama watoto.

"Nyanya yenu," alisema, "aliogopa sana."

Mchungaji akanyoosha mkono kukichukua kipaza sauti. Chepkurui akarudi nyuma hatua moja, kipaza sauti bado mkononi mwake.