Fundi wa Rusimbi

Roketi ya saba ya Dadi iliingia chooni kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti mwenyewe yumo.

Mzee Abdulmajid alitoka mbio, msuli uko mkononi badala ya kiunoni. Kabla hajafika barabarani, nusu ya mtaa ilikuwa imeshabeba magodoro. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, watu wakivuka ziwa kila siku kukimbia vita vya Zaire, na hapa Ujiji mlio wowote, hata wa tairi, ulimaanisha kwamba vita navyo vimevuka. Jirani mmoja alikutwa ufukweni na cherehani kichwani, anaulizia mtumbwi wa kwenda Zaire.

"Wewe Dadi!" mzee alifoka, akijifunga msuli. "Nimekukosea nini?"

"Nisamehe, Mzee wangu. Ilikuwa iende juu."

Maskini, zote saba zilikuwa ziende juu. Dadi alikuwa fundi baiskeli, na baiskeli zilimlisha vizuri tu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye roketi. Ugonjwa huo aliambukizwa na Kasongo, mwalimu wa kemia aliyekimbia kutoka Uvira, ambaye Dadi alimpa chumba cha uani. Kasongo alikuja na kitabu kimoja na unga mweupe asioutaja jina. Dadi akatoa sukari ya mkewe. Vitu hivyo vinapikwa, vinajazwa kwenye bomba la karatasi, halafu mtu anawasha na kukimbia. Dadi alisisitiza kupika mwenyewe, na kila mara sukari iliungua.

"Sukari haigombwi hivyo, Baba Nasra," mkewe Saumu alimwambia. Saumu alikuwa mpika halua. Harusi ya Ujiji bila sinia lake haikuwa harusi. "Sukari inabembelezwa."

"Mama Nasra, hii ni sayansi. Rudi kwenye halua yako."

Saumu akajitanda kanga yake iliyotobolewa na cheche, majiko ya mkaa hayo, akaenda zake mtaa wa Rusimbi, ambako siku hizi alikuwa na kazi za watu haziishi.

Na Rusimbi hiyohiyo ndiyo iliyomnyima Dadi raha. Kila Jumapili alasiri, roketi ya mtu asiyejulikana ilipaa kutoka huko, imenyooka, haina kishindo, haishtui hata kuku. Ikifika juu inafungua mwavuli wa kitambaa na kushuka kwa adabu zake. Watu walisema ni mhandisi kutoka Zaire, aliyewahi kufanya kazi na Wajerumani waliorusha roketi kule mkoa wa Shaba. Dadi aliamini, na wivu ukamkondesha mpaka suruali zikamvuka.

Sasa Mzee Abdulmajid alitoa hukumu, palepale mlangoni pa choo.

"Mji mmoja hauwezi kulea vichaa wawili. Jumapili mtarusha wote, wewe na huyo wa Rusimbi. Atakayeshindwa ataacha mpaka anaingia kaburini, na vifaa vyake nitavitupa ziwani kwa mkono wangu mwenyewe."

Aache roketi? Heri aache kula! Dadi akamtuma Kasongo akapeleleze. Kasongo alirudi jioni, anajilamba vidole.

"Umemwona?"

"Nimemwona, ndugu yangu. Ana mkono mwepesi. Sukari yake haiungui hata kidogo."

"Mtu mzima? Ana ndevu?"

"Hana hata moja."

"Basi ni kijana!"

"Si kijana sana," alisema Kasongo, akiangalia pembeni.

"Na ujuzi huo kaupata wapi?"

"Anasema karithi kwa mama yake."

Dadi alishika kichwa. "Kumbe wenzetu ng'ambo hata akina mama ni wahandisi! Tutawaweza wapi sisi?"

Jumapili ilipofika, Ujiji yote ilijaa ufukweni, wengine na magodoro yao, kwa tahadhari. Dadi alisema bismillahi, akawasha, akakimbia. Roketi ya nane ilipanda hadi usawa wa mchikichi, ikasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikageuka, ikamfukuza mbuzi mara mbili kuzunguka mtumbwi, kisha ikajitosa kwenye sufuria la dagaa la mama lishe. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Halafu ikapaa ile ya Rusimbi, kutoka kulekule kwao. Ilipanda, ikapanda, mpaka wazee wakashika kofia zao kwa kutazama juu. Mwavuli ulipofunguka, watu walipiga makofi, na Dadi naye akapiga, machozi yakimtiririka. Ilikuwa nzuri mno. Hakusubiri mzee amwambie. Alibeba mabomba yake yote mwenyewe akamkabidhi.

"Nipeleke kwake," alimwambia Kasongo. "Kama nimeshindwa kuwa fundi, basi angalau anifanye mwanafunzi wake."

Walimkuta fundi kwenye ua mmoja Rusimbi, amewapa mgongo, kavaa koti zito la mvua na helmeti ya pikipiki, anakoroga sufuria taratibu. Harufu ya sukari ilikuwa tamu, haijaungua hata chembe. Dadi alivua kofia, akapiga magoti mchangani.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kukuangukia, nifundishe. Nyumbani sina wa kunisaidia. Mke wangu ni mtu mwema sana, sisemi, lakini kichwani mwake mna halua tu."

Kasongo alishikwa na kikohozi.

"Marahaba, mume wangu," alijibu fundi, bila kugeuka. "Kanawe mikono, uje ushike mwiko."