Chungu Kipya

Pigo la tatu ndilo lililomlaza Asheri kifudifudi. Yote matatu yalitoka nyuma, akiwa ameinama kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya banda lake, mjini Same. Sadock alibaki amesimama na spana mkononi, akihema.

Hasira hasara, wanasema, lakini wanaosema hivyo hawajauziwa mbuzi kwenye gunia. Mashine ya boti ya Sadock ilikuwa kuukuu, mguu unaozama majini na pangaboi vizima, ila injini yake ilikuwa imekufa. Aliuza ng'ombe wake wa pekee, akanunua kwa Asheri injini iliyotumika, ambayo Asheri aliapa kwa jina la Mungu kwamba haina kasoro. Alipoifungua nyumbani kwake, kando ya Ziwa Jipe, alikuta pistoni imepasuka na ufa wa silinda umezibwa kwa gundi. Bila mashine hakuna samaki, na binti zake wawili hawali viapo.

Hasira ilipomtoka, hofu ikaingia. Asheri alikuwa bado anapumua. Sadock aliitupa spana kwenye vyuma, akapiga yowe kwamba majambazi wamevamia, akambeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, damu ikimtiririkia shingoni. Hospitalini wote walimsifu. Mama yake Asheri, Hedwiga, alishuka kutoka Ugweno siku hiyohiyo. Aliliangalia shati la Sadock lenye damu.

Wiki mbili Asheri alilala bila kauli. Wiki hizohizo Sadock aliifufua injini. Alichomelea ufa, akasugua silinda kwa msasa mpaka ikang'aa, akafuata pistoni na ringi Moshi. Ilikuwa kazi safi. Hakuwa na hakika kama Asheri aligeuza uso kabla ya pigo la mwisho. Kila jioni aliomba mgonjwa asiamke, na aliona haya kuomba hivyo.

Akaamka. Habari ililetwa na Yudith, mke wa Sadock, kutoka mnadani.

"Asheri kapata kauli. Kamwita mama yake, wameongea wawili tu, mlango umefungwa. Na jana yule mama kanunua chungu kipya."

"Cha nini?"

"Hakusema. Walipomwuliza kajibu anakileta huku Jipe."

Sadock aliketi chini. Mtu wa Upare haelezwi maana ya chungu kipya. Aliyedhulumiwa hukibeba hadi mlangoni kwa mbaya wake, husema maneno yake, kisha hukipasua. Baada ya hapo nyumba ile huzikwa mmoja mmoja, na huanza watoto.

Jumamosi asubuhi alifunga injini kwenye mguu wa mashine, akautumbukiza katika pipa la maji, akavuta kamba. Ilishika mara ya pili, maji yakaruka juu. Siku nyingine angecheza. Siku hiyo hata hakutabasamu, kwa sababu Yudith alikuwa anakuja mbio.

"Mama Asheri anashuka. Ana chungu kichwani."

Hakuzima injini. Alichukua nyundo, akaificha kiunoni chini ya shati, akapanda njia ya Ugweno.

Alimkuta kwenye kona ya mawe, yuko peke yake, chungu kimefunikwa kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni kwako nakuja."

"Asheri anaendeleaje?"

"Ameniambia yote, Sadock. Tangu siku hiyo sijalala. Lakini haya si maneno ya njiani, nitayasema nikifika mlangoni kwako."

Binti zake Sadock walikuwa mlangoni pale, wakiitazama injini. Sadock alinyoosha mikono, akamtua. Chungu kisivunjike, hilo tu ndilo aliloliwaza. Kilikuwa kizito. Alikiweka polepole kwenye nyasi.

"Asante, mwanangu," alisema Hedwiga, akinyoosha shingo.

Nyundo ilimpata juu ya sikio. Alipiga magoti, akainua mkono kujikinga, na vidole vikavunjika kwa pigo la pili. Sadock alipiga mpaka mkono ule uliposhuka wenyewe, akaongeza moja kwa woga. Kutoka bondeni injini ilikuwa bado inanguruma vizuri, bila kukatika.

Binti zake watapona. Alilia kwa nafuu, kwa sauti, kama aliyefiwa. Kisha akapiga magoti akibebe chungu, akakizamishe ziwani kikiwa kizima.

Majani ya mgomba yalifunguka, na povu la dengelua, pombe ya miwa, likammwagikia mikononi. Juu ya pombe liliwekwa jani la isale, lile analolibeba mzazi wa Ugweno anapokwenda kumwombea mwanawe msamaha.