Bakuli Moja la Sukari

Kwa siku ya tatu, mawaziri wa muungano wa nchi zenye mafuta walikuwa wamenuniana kama wake wenza, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye apunguze uchimbaji.

Nilipowapelekea chai, kwa kusahau nilibeba bakuli moja tu la sukari. Nikaliweka mbele ya mkaidi wao.

Hasimu wake alilikodolea macho, akakoroga chai isiyo na sukari mpaka akachoka. "Kaka, nisogezee sukari."

Mkaidi alifunua kifuniko taratibu. "Vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Vinne? Shemeji nyumbani anajua?"

Meza nzima ikacheka.

Afisa wa itifaki alinifuata jikoni mbio. "Mama, mabakuli mengine yako wapi?"

Niliyatazama yote kumi na moja, yamejaa pomoni.

"Yanaoshwa, mwanangu," nikasema, nikafunga kabati.